Chaga ya springi unayoikaza mwenyewe

Mara ya tatu mteja wangu mmoja wa Chumbageni, hapa Tanga, aliponirudishia kitanda kilekile, hakunigombeza. Alikaa kwenye benchi la karakana, akasubiri nimalize kupiga randa, ndipo akasema: "Fundi, kitanda cha kamba cha marehemu bibi yangu kikilegea tulikuwa tunakikaza wenyewe uani. Hiki chako cha springi kikilegea, mpaka nikodi kirikuu."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshambadilishia springi mara mbili, na mara zote mbili bonde lilirudi palepale, katikati, ambapo yeye na mumewe walikuwa wakiporomokeana kila usiku kama mahindi kwenye kinu. Kitanda kilikuwa tano kwa sita, mbao za mtiki wa Longuza, kazi safi ukiitazama kwa juu. Ubovu ulikuwa chini ya godoro.

Babu yangu aliwamba vitanda kwa kamba za usumba. Sehemu za ulili, yaani fremu ya kitanda, nilizijua kabla sijajua kusoma: tendegu ni mguu, mfumbati ni ubao wa ubavuni, kitakizo ni ubao wa kukingama mwishoni, mchago ni upande wa kichwani. Na nilijua kwamba kila Shaaban ikikaribia kwisha vitanda vinatolewa nje, vinapigwa jua kwa ajili ya kunguni, halafu kamba zinakazwa upya kuanzia upande wa miguuni. Hakuna aliyemlaumu babu kwa kulegea kwa kamba. Kamba hulegea, ndiyo kazi yake, na kitanda kilikuwa kimeundwa hivyo: mwisho wa kamba haukufichwa, uliachwa pale miguuni uvutwe tena. Springi tulipozipokea tuliuacha ule mwisho wa kamba. Tukachomelea, tukapigilia misumari, tukamkabidhi mteja kitu kilichokazwa mara moja tu katika maisha yake.

Nianze na springi yenyewe, maana inasingiziwa mengi. Ugumu wake unatokana na mambo matatu: unene wa waya, upana wa duara, na idadi ya mizunguko. Unene ndio wenye nguvu kuliko vyote. Ukitoka waya wa milimita 3 ukaenda 3.5, kwa jicho hujaona tofauti, lakini springi imekuwa ngumu karibu mara mbili, kwa sababu ugumu unafuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Upana wa duara unafanya kinyume: ukiuongeza mara mbili, ugumu unashuka mara nane. Mizunguko ni hesabu nyepesi, ukiiongeza mara mbili ugumu unabaki nusu. Springi ninayotumia sasa ni ya waya wa milimita 3.5, duara la milimita 22 kupima kutoka katikati ya waya, mizunguko 14. Ukizipiga hesabu hizo kwa chuma cha springi unapata kitu rahisi kukumbuka: kila milimita unayoivuta inataka kama kilo moja. Sentimita tatu, kilo 30. Uwiano huo wa mvuto na urefu aliuandika Mwingereza Robert Hooke mwaka 1678, na mpaka leo fundi wa kukereza anayenizungushia springi hizi anaupima kwa mizani ya samaki iliyoning'inizwa dirishani.

Sharti waya uwe wa springi kweli. Nimeona watu wakizungusha waya wa kufungia nondo, ule laini mweusi. Unazungushika vizuri sana, unapendeza, na ukilaliwa wiki moja unabaki umenyooka kama ulivyoachwa. Hiyo si springi, ni picha ya springi.

Sasa, kama springi ni nzuri, bonde linatoka wapi?

Hapa pana jambo lililonichanganya mimi mwenyewe kwa miaka. Kuivuta springi hakuifanyi kuwa ngumu zaidi. Milimita ya kwanza inataka kilo moja, ya thelathini nayo inataka kilo moja. Lakini waya uliolazwa kutoka mfumbati hadi mfumbati, wenye springi mwishoni, ni kama kamba ya kuanikia nguo. Kamba legevu, shati moja lililolowa linaipeleka hadi chini. Ikaze kamba hiyohiyo, inabeba kanga za nyumba nzima. Tena ukiwa na kamba mbili zilizokazwa sawasawa, ile ndefu ndiyo inayobonyea zaidi. Kwa hiyo mwili unabebwa na mkazo na urefu, na springi iko pale kuulinda huo mkazo usipotee.

Nilipoelewa hivyo nilichukua mfuko wa saruji wa kilo 50, nikaulaza katikati ya chaga, ile fremu ya waya inayobeba godoro, ya futi 5, iliyokazwa kilo 30 kila waya, waya ukiwa kila baada ya sentimita 10. Ulishuka sentimita 8. Nikatengeneza chaga yenye upana wa sentimita 75, nusu ya ile, mkazo uleule. Mfuko uleule ulishuka sentimita 4. Siku hiyo niliamua kwamba kitanda cha watu wawili hakitakuwa na chaga moja tena. Kitakuwa na mbili, sambamba, kila mtu na yake, na tendegu la tano katikati lenye bolti chini ya kurefusha na kufupisha, maana sakafu za nyumba zetu za Ngamiani hakuna iliyo sawa. Faida nyingine ikaja bila kuitafuta: mmoja akigeuka mwenzake hatikisiki.

Lakini chaga ya kwanza ya aina hiyo iliniaibisha. Niliiunda kwa chuma cha engo cha milimita 40, chenye umbo la L, futi 6 kwa urefu, nikakichomelea pembe nne, nikafunga waya 17 na springi zake. Nilipomaliza kuufunga waya wa kumi hivi, nikaona ile mifumbati ya chuma inaitana. Nilipofika wa kumi na saba ilikuwa imepinda kama upinde wa mvinje, na waya wa kwanza niliokuwa nimeufunga katikati umelegea kabisa. Fanya hesabu uone: waya 17, kila mmoja unavuta kilo 30, jumla ni kilo 510. Nusu tani inaibana fremu hata kabla mtu hajakaa kitandani! Na hapo ndipo nilipojua kilichokuwa kikitokea kwenye kitanda cha mama wa Chumbageni. Mifumbati yake ya mtiki ilikuwa ikivutwa ndani mwaka mzima, kidogokidogo, na kila nilipombadilishia springi nilikuwa nampa mvutaji mpya.

Dawa ni mataruma. Nimeazima neno kwa mafundi wa mashua kwa sababu ndiyo kazi yenyewe: mbavu zinazozuia pande mbili zisikaribiane. Ninaweka mawili katika kila chaga, ya skwea paipu ya inchi moja, theluthi na theluthi ya urefu. Yasiwe yamenyooka, kwani waya ukibonyea nyonga ya mtu itagonga chuma. Yapinde kuelekea chini kama tumbo la ngalawa, sentimita 8 chini ya usawa wa waya.

Kwenye kukaza sikutaka kitu cha ajabu. Kila mshindio, hivyo ndivyo ninavyouita ule waya wa kulala upana, kwa lugha ya wafumaji, una ndoano ya kudumu upande mmoja na springi upande wa pili. Ule upande wa springi, engo imetobolewa matundu matatu kwa kila mshindio, yakifuatana kwenda nje sentimita moja moja. Tundu la ndani linaipa springi mvuto wa sentimita 2, kilo 20. La kati kilo 30. La nje kilo 40. Basi. Hakuna skrubu ndogondogo za kuota kutu, hakuna namba za kukariri. Unahamisha springi kwa ndoano ya nondo ya milimita 6 yenye mpini wa mti, ambayo naifunga chini ya kitakizo ili isipotee jikoni ikageuka ya kuchochea mkaa. Funika springi kwa kitambaa unapoivuta, na uso wako uwe pembeni. Kilo 40 zikiponyoka haziulizi jicho ni la nani.

Pa kuanzia ni hivi: mishindio mitano ya usawa wa nyonga, tundu la nje; ya mabegani, tundu la ndani, hasa kwa anayelala ubavu, kwa sababu bega linahitaji mahali pa kuzama; iliyobaki, la kati. Lala siku tatu. Kiuno kikiuma asubuhi, ongeza mkazo, mshindio mmoja mmoja. Mume wa kilo 95 na mke wa kilo 60 hawana sababu ya kulalia mkazo mmoja, na tangu chaga ziwe mbili hawana sababu ya kubishana. Mishindio nimeifunga kwa mitande mitatu myembamba ya kwenda urefu, ili anayepiga goti kitandani asiulemee waya mmoja peke yake.

Juu ya waya natandika gunia la mkonge kabla ya godoro. Tuko Tanga, mkonge ndio umetulea, na gunia linazuia waya usile sponji huku likiacha hewa ipite. Kwa joto letu na unyevu wa bahari, ukilaza godoro juu ya plaiwudi nzima, baada ya masika mgeuzie mgeni upande wa chini aone ukungu.

Kelele nazo nimeulizwa sana, kwa sauti ya chini, na watu waliopanga chumba kilichopakana na cha mwenye nyumba. Chuma kikigusana na chuma kitalia. Chukua tyubu ya baiskeli iliyokufa, na katika mji huu wa baiskeli hazikosekani, kata vipande, vika kila ndoano na kila mahali chaga inapokalia mbao. Tyubu moja inatosha kitanda kizima. Kutu ni hadithi fupi: rangi ya kuzuia kutu kwenye engo baada ya kutoboa, na springi ziwe zimepakwa zinki ukiishi Raskazone au popote upepo wa bahari unapoingia dirishani.

Kukifungua kitanda ndiko nilikokosea zaidi mwanzoni, kwa kuwa nilitegemea springi zishikilie mifumbati ya mbao yenyewe. Kuhama kulimaanisha kufungua springi zote, moja moja, huku mwenye kirikuu anapiga honi. Sasa mkazo wote umefungiwa ndani ya fremu ya chuma na hautoki. Chaga inakaa tu juu ya vipande vya mbao vilivyokazwa ndani ya mifumbati, inanyanyuliwa ikiwa imekazwa vilevile, kilo 18 hivi, inapita mlango wowote na ngazi yoyote. Mbao zinashikana kwa bolti nane za milimita 8, mbili kila pembe, na bolti mbili zaidi zinaziunganisha chaga katikati. Zote spana namba 13, kwa makusudi. Nyumba nyingi zinayo spana 13, mwenye baiskeli au bodaboda hakosi.

Mama wa Chumbageni ndiye niliyempa kitanda cha kwanza cha mtindo huu. Alihamia Pongwe, na akanipigia simu usiku kwamba amekifunga yeye na mwanawe wa darasa la sita, kwa spana moja, kabla wali haujaiva. Nikafurahi. Kesho yake akapiga tena: yeye analala kama juu ya meza, na mumewe amezama. Walikuwa wamebadilisha chaga, ya baba imeenda upande wa mama. Nikamwambia ama wanyanyue chaga, ama wabadilishane pa kulala. Akasema mumewe hakubali kulala upande wa mlangoni, kwa hiyo wananyanyua. Tangu hapo kila chaga inatoka karakana na doa la rangi kichwani na doa jingine kama hilo kwenye mchago.