Fuvu halichemshwi, wala halitiwi jiki

Omba kichwa cha mbuzi buchani Uyole au Mafinga, useme unataka fuvu la kuhifadhi, na ushauri utakuwa uleule wa miaka yote: chemsha sana, kisha loweka kwenye jiki liwe jeupe. Yote mawili huliharibu.

Maji yanayotokota huyeyusha mafuta yakajipenyeza ndani ya mfupa. Baadaye hujitokeza kama madoa ya njano yanayonata. Meno hupasuka, na vijifupa vya ndani ya pua, vyembamba kama karatasi, humwagika na supu. Jiki ndiyo mbaya zaidi, kwani hula kolajeni inayoushikilia mfupa. Weupe utaupata, ila ukikwangua kwa ukucha unatoka unga.

Kinachotakiwa ni uvivu. Toa ngozi, macho na ubongo, zamisha kichwa kwenye ndoo ya maji ya kawaida, funika, weka mbali na nyumba (majirani nao wana pua). Bakteria watakula nyama. Baridi ya Mbeya ya Juni na Julai huwachelewesha, hivyo ndoo ikae juani. Ukimwaga maji, yachuje: meno ya mbele ya taya la chini huchomoka. Kisha loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, ukibadilisha mpaka mafuta yaishe. Kung'arisha, tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3.

Fuvu la swala lililookotwa kandokando ya Ruaha liache hapohapo. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hiyo ni nyara ya Serikali, hata kama mnyama alijifia.