Je, wajua kwa nini wachezaji wanne husoma kadi moja na kutoka na majibu manne?

Wachezaji wanne wameizunguka meza. Mmoja anaweka kadi. Wa pili anasema, "Ngoja, najibu." Wa tatu anadai yeye ndiye aliyepaswa kujibu kwanza. Wa nne, ambaye kwa hesabu ya mwenzake mmoja ameshatolewa mchezoni, anashikilia kwamba bado yumo. Wote wameisoma kadi ile ile na hakuna anayedanganya. Mbona basi hawaelewani?

Tatizo hili analijua kila anayecheza kadi za kukusanya, zile ambazo mtu hununua, hubadilishana na wenzake na kujipangia fungu lake mwenyewe: Magic: The Gathering, Yu-Gi-Oh!, Pokémon na nyinginezo. Nitaegemea zaidi Magic, kwa kuwa ndiyo iliyofungua njia mwaka 1993. Tena ina mtindo maarufu wa watu wengi, Commander, ambapo kwa kawaida hukaa watu wanne, kila mmoja na kadi 100 na pointi 40 za uhai. Mtindo huo ulipata umaarufu kupitia waamuzi wa mashindano, waliokuwa wakiucheza baada ya kazi ya siku nzima. Watu waliozijua kanuni kuliko wengine wote ndio walioipenda meza yenye mafundo mengi zaidi.

Katika karata za kawaida, kanuni hukaa nje ya karata. Saba ya kopa haina maneno yoyote juu yake. Ina namba na alama, basi, na mchezo wenyewe ndio unaoipa thamani. Kadi za kukusanya zimeligeuza jambo hilo. Karibu kila kadi hubeba sheria yake ndogo, na kanuni ya 101 ya Magic inatamka kwamba maneno ya kadi yakipingana na kitabu cha kanuni, kadi hushinda. Kitabu chenyewe kina zaidi ya kurasa 200, na kadi tofauti zimepita 20,000. Hakuna mtunzi anayeweza kukaa akazijaribu zote, kila moja dhidi ya kila nyingine, kabla hazijafika mezani. Ndiyo maana kanuni hiyo hiyo ikaongeza jambo fupi ambalo, kwa maoni yangu, kila mchezaji angelijua kwa moyo: kadi moja ikiruhusu na nyingine ikikataza, inayokataza ndiyo inayofuatwa.

Hata hivyo, mabishano mengi niliyoyasikia hayakuhusu kadi inasema nini. Yalihusu *lini*.

Tangu mwaka 1999, kadi nyingi za Magic zikichezwa hazifanyi kazi papo hapo. Huwekwa kwanza kwenye rundo la kufikirika, na kila mchezaji hupewa nafasi ya kuweka yake juu. Wote wakipisha mfululizo, ya juu kabisa hutekelezwa kwanza. Aliyesema mwisho ndiye anayetangulia kutendewa. Chukua kadi ya kiumbe mwenye nguvu 2 na ustahimilivu 2. Mpinzani anamtupia Lightning Bolt, yenye madhara 3. Mwenye kiumbe anajibu kwa Giant Growth, inayomwongezea 3 na 3 hadi zamu iishe. Giant Growth iko juu, kwa hiyo kiumbe anakuwa 5 kwa 5 kwanza, ndipo anapigwa, naye anabaki hai. Sasa geuza. Mwenye kiumbe ndiye aliyeanza na Giant Growth, na mpinzani akajibu kwa Lightning Bolt. Kiumbe anakufa akiwa bado 2 kwa 2, na Giant Growth haina tena wa kumkuza. Kadi ni zile zile mbili, matokeo ni kinyume kabisa. Anayetaka kuamua ugomvi huu hasaidiwi na maandishi ya kadi. Anahitaji kujua nani alitangulia kusema, na hilo limehifadhiwa tu katika kumbukumbu za waliokaa pale.

Wakiwa wawili, mambo hayo hufuatika. Wakiwa wanne, huwa magumu kwa namna ambayo hata wazoefu huteleza.

Tuwaite Asha, Baraka, Chiku na Daudi, wameketi kwa mpangilio huo, na zamu ni ya Asha. Amebakiwa na pointi 1 ya uhai. Kiumbe mmoja anakufa. Asha ana kadi inayomwongezea uhai kila kiumbe anapokufa. Daudi ana kadi inayompunguzia kila mpinzani wake pointi 1 kwa tukio hilo hilo. Asha anasema, "Zamu ni yangu, naanza mimi." Yuko sahihi: mwenye zamu ndiye anayeanza, kisha wengine kwa kufuata mzunguko. Lakini anachoanza ni *kuweka kwenye rundo*. Uwezo wa kadi yake unalala chini, wa Daudi unakaa juu, na wa juu hutekelezwa kwanza. Asha anashuka hadi 0. Kabla ya mchezaji yeyote kupata tena nafasi ya kufanya jambo, kanuni hukagua hali ya meza, na aliyefika 0 anatoka. Uwezo wake uliokuwa ukingoja kwenye rundo unatoweka pamoja naye, na zamu yake inaendelea hadi mwisho bila mwenyewe.

Asha ana haki ya kushangaa, kwa sababu dakika tano nyuma huenda aliona kinyume. Kadi ikisema "kila mchezaji achague kiumbe mmoja amtoe", mwenye zamu huchagua kwanza, wengine hufuata kwa mzunguko wakiwa wameshaona alichochagua, halafu viumbe wote hutoka kwa pamoja. Katika kuchagua, mwenye zamu ni wa kwanza. Katika uwezo unaoamshwa na tukio moja, yeye ndiye wa mwisho kunufaika. Ni utaratibu mmoja unaozaa matokeo mawili, na sijui chanzo kingine cha ugomvi mezani kinachozidi hiki.

Halafu kuna kutoka mchezoni. Kwenye mchezo wa wawili, mmoja akishindwa kila kitu kimekwisha. Hapa wanaobaki wanaendelea, na vitu vya aliyeondoka lazima viende mahali. Anaondoka na kadi zake zote, hata zile zilizokuwa mikononi mwa wengine. Na kadi za wengine zilizo kwake? Tuseme Chiku alitumia kadi ya kumteka joka wa Daudi aliyekuwa tayari mezani. Chiku akitoka, utekaji unakoma na joka anarudi kwa Daudi. Lakini kama Chiku alimchomoa joka huyo ndani ya fungu la Daudi na kumweka mezani moja kwa moja akiwa chini ya amri yake, joka harudi kwa mtu. Anaondolewa mchezoni kabisa, kwa kuwa hajawahi kuwa chini ya amri ya Daudi pale mezani na hakuna utekaji wa kukoma. Ukiitazama meza tu, hali hizo mbili zinafanana kama pacha. Lazima mtu akumbuke joka alifikaje.

Maneno nayo yana sehemu yake. Mchezaji aliyemkinga kiumbe wake asilengwe na kadi za wapinzani hukasirika anapomwona akifa kwa kadi iliyosema "waue viumbe wote". Kadi hiyo haikumlenga mtu, imewapitia wote. Katika Yu-Gi-Oh! tofauti huwa nyembamba zaidi. Kadi inayosema "*wakati* jambo fulani linapotokea, unaweza…" inaweza kupitwa na nafasi yake kama jambo hilo halikuwa la mwisho kutokea, ilhali inayosema "*ikiwa* jambo fulani litatokea, unaweza…" haipitwi. Neno moja hilo limeshaamua michezo.

Yapo pia mabishano ambayo kila upande una haki, ila kila mmoja anasema kweli ya mwaka wake. Aliyejifunza Magic kati ya 1999 na 2009 alifundishwa kwamba madhara ya mapigano huwekwa kwenye rundo na watu wanaweza kuyajibu. Mwaka huo kanuni hiyo ilifutwa. Kadi za zamani nazo zinafuata maandishi rasmi ya sasa, yanayopatikana kwenye hifadhi ya kadi iitwayo Gatherer, si wino uliochapwa juu yake. Katika chapa ya kwanza kabisa ya 1993, Orcish Oriflamme ilitoka na gharama iliyochapwa kimakosa, pungufu kuliko ilivyokusudiwa. Kuishika kadi mkononi si ushahidi wa mwisho.

Kwa wanaopenda fumbo, kuna kisa cha kadi mbili. Humility huwaondolea viumbe wote uwezo wao na kuwafanya 1 kwa 1. Opalescence huzigeuza kadi nyingine za aina yake, ambazo kwa kawaida si viumbe, ziwe viumbe wenye nguvu na ustahimilivu sawa na gharama yao. Zikikutana, Opalescence inaifanya Humility iwe kiumbe, na Humility inajiondolea uwezo wake yenyewe. Je, bado inafanya kazi? Kanuni ya 613 hulijibu kwa kupanga mabadiliko yote katika matabaka saba, yanayofuatana daima kwa utaratibu ule ule. Aina ya kadi hubadilishwa kwenye tabaka la 4, uwezo kwenye la 6, nguvu na ustahimilivu kwenye la 7. Na athari iliyokwisha kuanza kwenye tabaka la awali humalizia kazi yake hata kama uwezo ulioizaa umeondolewa njiani. Humility basi inafika tabaka la 7, na huko iliyoingia mezani mwisho ndiyo inayoamua: ikiwa ni Humility, inakuwa 1 kwa 1, ikiwa ni Opalescence, inakuwa 4 kwa 4. Narudi tena kwenye *lini*.

Nani sasa wa kuamua? Kwenye mashindano, mchezaji huinua mkono kumwita mwamuzi. Asiyeridhika hukata rufaa kwa mwamuzi mkuu, na neno la huyo ndilo la mwisho. Mwamuzi huuliza kwanza zamu ni ya nani, nini kilikuwa kwenye rundo, nani alikuwa na nafasi ya kujibu. Kosa likigunduliwa papo hapo, anaweza kuurudisha mchezo nyuma. Likigunduliwa baada ya watu kuvuta kadi na kufanya maamuzi mengine, mara nyingi mchezo huachwa ulivyo, kwa sababu kurudi nyuma kungewaacha watu na habari ambayo hawakuwa nayo.

Mezani pasipo mwamuzi, wengi hupiga kura. Naliona hilo ni kosa kubwa. Watatu wakimwogopa anayeongoza, kura yao haitakuwa juu ya kanuni. Itakuwa shambulio jingine, na halina kinga. Ni heri kusimama, kuisoma kadi kwa sauti, kutafuta maandishi yake rasmi, na jibu lisipopatikana kwa dakika chache, kurusha dadu. Dadu haina adui mezani. Mchezo ukiisha, jibu litafutwe kwa utulivu, maana swali hilo litarudi.

Kuna jambo moja tu ambalo halina kanuni ya kuliamua, nalo ni ahadi. "Usiniharibie kadi hii, nami sitakushambulia zamu mbili." Mapatano kama hayo yamejaa kwenye michezo ya watu wanne, na kitabu hakimlazimishi mtu kuyatimiza. Mwamuzi akiitwa kwa sababu ya ahadi iliyovunjwa, atauliza zamu ni ya nani na rundo lina nini, kisha atawaambia waendelee.