Rada ya ardhini Mombasa: pima kasi ya mawimbi kabla hujaamini kina

Wapimaji wanaotuletea data ya rada kutoka Pwani huwa na lalamiko moja: picha imejaa ukungu, kupita kina cha mita moja hakisomeki kitu. Mara nyingi mashine ni nzima. Kilichokosewa ni mipangilio, iliyofanya kazi vizuri bara ikaletwa hapa bila kuguswa.

Rada hutuma mawimbi ya redio ardhini na kupima muda yanaotumia mpaka kugonga kitu na kurudi. Haipimi kina. Kina tunakihesabu sisi kutokana na kasi ya mawimbi, na hatari iko hapo. Katika jiwe kavu la matumbawe mawimbi husafiri karibu sentimita 12 kwa nanosekunde (sehemu ya bilioni moja ya sekunde); katika mchanga uliolowa maji, karibu sentimita 6. Chukua mwangwi uliorudi baada ya nanosekunde 20. Wimbi limekwenda na kurudi, kwa hivyo umbali unagawanywa kwa mbili: kwenye jiwe kavu, bomba liko mita 1.2. Kwenye mchanga uliolowa, liko sentimita 60. Kibarua aliyeambiwa mita 1.2 atapiga sururu bila wasiwasi, na kama ni kebo ya stima, anaweza kufa.

Kwa hivyo anza na bomba linalojulikana. Fungua mfuniko wa chemba, shusha futi mpaka mgongo wa bomba, kisha pitisha rada ukilikata bomba hilo kwa pembe mraba. Kwenye skrini litatokea umbo la upinde. Rekebisha kasi mpaka upinde unaochorwa na programu ulale sawasawa juu ya ule wa data na kilele chake kisome kina ulichopima kwa mkono. Ukihamia mtaa mwingine, rudia. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, na sioni udhuru wa kuiruka.

Adui mkubwa wa Pwani ni chumvi. Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri mno, na mawimbi ya rada hufia humo. Wengi hujaribu kuongeza ukuzaji wa ishara, lakini wanachokuza ni kelele, nayo huzaa mistari inayosomwa kimakosa kama tabaka za mwamba. Hakuna kitufe cha kuondoa chumvi. Saa ya kufanya kazi, hiyo unaweza kuichagua. Matumbawe yana vitundu, na karibu na ufuo maji ya chini ya ardhi hupanda na kushuka pamoja na bahari, ambayo wakati wa bamvua hapa Mombasa hutofautiana zaidi ya mita 3 kati ya kupwa na kujaa. Ukipima Nyali au pembezoni mwa Mji wa Kale, pita maji yakiwa yamekupwa. Penye udongo wa mfinyanzi, kama upande wa Changamwe, mawimbi hunyonywa hata bahari ikiwa mbali. Huko ngoja kiangazi, usipime katikati ya masika.

Kwa mabomba ya kawaida, antena ya megahezi 400 inatosha. Ya 900 ni ya kutafuta nondo ndani ya zege, na za chini zaidi hufika mbali, kwa mfano ukitafuta mapango, ila vitu vidogo hupotea. Muda wa kusikiliza nao uufuate udongo: mita 1.5 kwenye jiwe kavu huhitaji nanosekunde 25 kwenda na kurudi, kwa hivyo weka 35 ubaki na akiba. Kwenye mchanga uliolowa weka 65.

Jihadhari na kichujio kinachofuta mistari ya mlalo. Husafisha picha, lakini bomba linalokwenda sambamba na njia yako litafutika nalo. Ndiyo maana tunapita pande mbili zinazokatana, kwa mistari iliyoachana nusu mita. Pinde pana kupita kiasi mara nyingi hutoka juu ya ardhi: nyaya za stima, mabati, gari lililoegeshwa.

Hifadhi data ghafi kabla ya kuichuja. Kwenye ripoti andika kasi uliyotumia, chemba uliyoitumia kuipata kasi hiyo, na hali ya maji ya bahari saa ile ulipopima.