Chubwi za kuzamishia nyavu zinayeyushiwa wapi?

Mama mmoja wa Katonga, Kigoma, alinifungulia daftari la kliniki la mwanawe wa miaka mitatu. Dawa ya minyoo mara mbili. Dawa ya kuongeza damu, chupa ya tatu. Tumbo bado linauma, choo kigumu, "na maneno aliyokuwa akiyasema, daktari, siku hizi hayasemi."

Nikauliza mlo, chandarua, maji. Swali ambalo ningeanza nalo lilikuja mwisho: baba yake anafanya kazi gani?

"Mvuvi. Ila sasa hivi ni mbalamwezi, dagaa hawavuliki, yuko nyumbani anarekebisha nyavu."

"Chubwi anatoa wapi?"

"Anayeyusha betri mbovu. Hapo hapo uani, kwenye jiko langu."

Risasi, ile metali laini na nzito iliyo ndani ya betri za gari, huyeyuka kwenye nyuzi joto 327 tu, kiasi ambacho jiko la mkaa likipepewa linafika bila taabu. Ndiyo maana kila mtu anaiona kazi nyepesi. Kinachodhuru ni mvuke, na ule utandu wa kijivu unaoenguliwa juu na kutupwa pembeni. Ukikauka unakuwa vumbi, na mtoto anayetambaa analipeleka mdomoni kwa vidole. Mtu mzima akimeza risasi, utumbo wake hufyonza kama sehemu moja ya kumi. Wa mtoto mdogo hufyonza karibu nusu. Mwili huipokea kana kwamba ni kalsiamu, ukaiweka mifupani, ambako hukaa miaka mingi. Msichana akija kushika mimba, hutoka mifupani na kumfikia aliye tumboni.

Risasi pia huzuia utengenezaji wa damu. Chupa tatu zile zilikuwa zinajaza ndoo iliyotoboka.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kisicho na madhara. Mwongozo wake wa 2021 unataka chanzo kitafutwe risasi kwenye damu ikifika mikrogramu 5 kwa desilita. Kwa mtoto, dawa za kuiondoa zinapendekezwa kuanzia 45. Lakini mtoto akitibiwa na kurudi kwenye uani ule ule, anaanza upya. Kule Zamfara, Nigeria, mwaka 2010 walikufa watoto wasiopungua 400 kwa vumbi la mawe ya dhahabu yenye risasi yaliyosagwa majumbani. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Nzega nao wasisagie mawe nyumbani.

Basi: chubwi zinunuliwe zikiwa tayari. Udongo wa pale palipoyeyushwa uchotwe ukiwa umeloweshwa, ufukiwe mbali na kisima na watoto. Ndani pigeni deki, fagio kavu linarusha vumbi tu. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Kuchemsha maji hakuondoi risasi. Wanja wa unga usiojulikana ulikotoka usimpake mtoto. Aina nyingine za wanja zimejaa risasi. Na mpeni dagaa, na mifupa yao: mwenye chuma na kalsiamu ya kutosha hufyonza risasi kidogo.

Wiki iliyofuata baba alikuja mwenyewe. Betri ameziondoa, jiko amelihamisha. Nikauliza sufuria ya kuyeyushia iko wapi. Akamtazama mkewe.

"Ni ile ya maharage," mama akasema. "Lakini huwa naisugua kwa mchanga kwanza."