Elimu kwa Umma: Kuitwa "Mshauri" Hakukutoi Kwenye Sheria ya Kazi

Wanaoleta malalamiko ya kazi kwetu Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hapa Tanga siku hizi si madereva, walinzi na vibarua wa mashambani peke yao. Wameongezeka wahasibu, watengenezaji wa programu, wachora ramani, waandishi wa ripoti za miradi na makarani wa nyaraka za forodha. Hao ndio wafanyakazi wa maarifa, aina ya watu ambao mtaalamu wa menejimenti Peter Drucker aliwaandika tangu mwaka 1959: kinacholipiwa ni kile wanachokijua. Kwa mji wenye bandari iliyopanuliwa, na ambako bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, watu hao hawatapungua. Migogoro yao tumeona ina sura yake, na sehemu kubwa inazaliwa na dhana potofu za pande zote mbili.

Makala haya ni ya elimu tu. Hayagusi shauri lolote lililo mezani wala hayachukui nafasi ya wakili.

Dhana ya kwanza, inayotuchosha kuliko zote, ni ile ya mwajiri anayeingia chumba cha usuluhishi na karatasi iliyoandikwa "Mkataba wa Ushauri Elekezi" na kudhani shauri limekwisha. "Huyu si mfanyakazi wangu." Na mara nyingine mlalamikaji mwenyewe ndiye anayetuambia kwa fahari kuwa yeye si mfanyakazi, ni mtaalamu, kisha papo hapo anadai likizo yake.

Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, hakiangalii kichwa cha mkataba. Kinasema kwamba anayemfanyia mtu mwingine kazi au kumpa huduma atachukuliwa kuwa mfanyakazi, mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwapo lipo hata jambo moja kati ya haya. Namna anavyofanya kazi inaelekezwa na kusimamiwa na huyo mwingine. Au saa zake za kazi zinasimamiwa na huyo mwingine. Au, kama anaifanyia taasisi, yeye ni sehemu ya taasisi hiyo. Au amefanya kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Au kipato chake kinamtegemea huyo mwingine. Au anapewa vitendea kazi. Au anamhudumia huyo mmoja tu. Ni "au", ndugu zangu, si "na". Mchora ramani anayefika ofisini Chumbageni saa mbili kasoro robo, akasaini kitabu cha mahudhurio, akakalia kompyuta ya ofisi na kumwomba meneja ruhusa ya kwenda msibani, huyo amegusa zaidi ya moja. Mwajiri ana haki ya kuleta ushahidi wa kupinga, na tunausikiliza kwa uzito wake. Lakini jina lililo juu ya karatasi si ushahidi wa kutosha.

Upande wa pili nao upo. Mhasibu anayefunga hesabu za maduka matano ya Ngamiani, kwa kompyuta yake na kwa saa anazojipangia mwenyewe, huenda kweli si mfanyakazi wa yeyote kati ya hao. Akidhulumiwa ada yake, hilo ni dai la mkataba, na njia yake ni mahakama za kawaida. Kumrudisha mtu kama huyo getini si kumnyanyasa.

Kwa nini ugomvi huu unawaandama zaidi watu wa maarifa? Mkoa huu umelelewa na mkonge. Mkata mkonge wa enzi zile alikuwa na kipande chake, yaani kadi ya kazi ya siku 30, na mzigo wa majani ulihesabika mbele ya msimamizi. Mkibishana, kipo cha kuhesabu. Mchambuzi wa takwimu akitazama jedwali moja tangu asubuhi, msimamizi hawezi kujua kama anafikiri au amesinzia. Hapo ndipo maelezo ya kazi yanapobeba kila kitu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: jina, umri, anuani ya kudumu na jinsi, mahali alipoajiriwa, maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, ujira, unavyokokotolewa, na marupurupu mengine. Maandishi hayo hutunzwa miaka mitano baada ya ajira kukoma. Mwajiri akishindwa kuyaleta kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa ni wake.

Tunachokiona badala yake ni mistari mitatu, na wa mwisho ni ule maarufu, "na kazi nyingine atakazopangiwa na msimamizi." Mtaalamu wa mifumo akafukuzwa kwa utendaji mbovu, ukiuliza alitakiwa atende nini, hakuna ajuaye. Andikeni kazi hiyo inatoa nini, kwa ajili ya nani, kufikia lini, na nani anaipokea. Andikeni pia programu au ripoti ikikamilika ni mali ya nani, na nywila zinakabidhiwa kwa nani mtu akiondoka. Hayo yakiandikwa siku ya kwanza ni nusu saa ya kazi.

Saa za ziada. Wengi wanaamini kuwa mwenye shahada hana saa za ziada. Si kweli. Anayeondolewa kwenye masharti ya saa za kazi ni yule anayewasimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na ambaye anawajibika moja kwa moja kwa mfanyakazi wa uongozi wa juu. Cheti ukutani hakitajwi. Mwingine yeyote ana kikomo cha saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, kwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Hesabu yake: mshahara wa mwezi gawanya kwa 4.333 upate wa wiki, kisha gawanya kwa 45. Wa shilingi 900,000 unatoa takriban shilingi 4,616 kwa saa ya kawaida na 6,924 kwa saa ya ziada. Kuhusu ujumbe wa bosi saa tatu usiku, sheria yetu haina kifungu kinachotaja WhatsApp. Kama ujumbe huo umekufanya ukae kwenye jedwali hadi saa tano, hiyo ni kazi, na inabidi uwe na namna ya kuonyesha.

Kompyuta mpakato iliyopotea haimpi mwajiri ruhusa ya kuzuia mshahara mzima. Kukata kwa ajili ya hasara kuna masharti: hasara itokee kazini kwa kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu yake, apewe nafasi ya kupinga, makato yasizidi hasara halisi wala robo ya ujira wake wa fedha. Na mfanyakazi anayeshikilia nywila za mfumo mpaka alipwe malimbikizo asidhani anatumia haki ya kugoma. Anajitafutia kesi nyingine, pengine chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na huko hatumsindikizi.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo haki nyingi zinapopotelea. Mgogoro wa kuachishwa kazi unawasilishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30; migogoro mingine ndani ya siku 60. Unajaza Fomu Na. 1, unaisaini, unampa mwajiri nakala, unaleta Tume pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea. Ukichelewa, unaanza na maombi ya kuongezewa muda kwa Fomu Na. 2, ukieleza umechelewa kiasi gani na kwa nini. "Tulikuwa tunaongea kirafiki" imeandikwa kwenye fomu nyingi mno. Usuluhishi una siku 30, ambazo wahusika wanaweza kukubaliana kwa maandishi kuziongeza. Mlalamikaji asipofika, msuluhishi anaweza kulitupa lalamiko. Mlalamikiwa asipofika, linaweza kuamuliwa bila yeye. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo hawezi kudai kuachishwa isivyo halali, ingawa ujira alioutolea jasho anaweza kuudai.

Uje na mkataba kama upo, hati za mshahara, na barua zote. Ushahidi wa kielektroniki unakubalika chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kwa hiyo chapisha mazungumzo yakiwa na tarehe na namba za pande zote mbili, bila kuruka yale yasiyokupendeza. Na simu yenyewe uje nayo, ikiwa na chaji.