Chapati ya kukunja ya nyama na jibini: yanayosemwa na yanayotokea kikaangoni

Chapati iliyojazwa nyama ya kusaga na jibini, ikakunjwa na kukaushwa kikaangoni mpaka ganda lilie ukiliuma, ni chakula cha jioni ya siku ya kazi. Ukijipanga, dakika 40 hadi 50 zinatosha kulisha watu sita. Lakini wengi wakiijaribu mara ya kwanza hupata kitu kingine kabisa: chapati teketeke, imelowa upande wa chini, na jibini imechungulia pembeni ikaungua. Lawama hupewa jibini, au jiko, au mafuta kwamba yalikuwa machache. Mara nyingi mkosaji ni maji, na dhana nyingi zinazozunguka chakula hiki ni njia tofauti za kuyakaribisha maji mahali yasipotakiwa.

Vipimo vya hapa ni vya chapati sita: nyama ya kusaga nusu kilo, kitunguu maji kikubwa kimoja, pilipili hoho moja, vitunguu saumu punje tatu, bizari nyembamba kijiko cha chai kimoja, pilipili manga nusu yake, chumvi kijiko cha chai kimoja, nyanya ya kopo kijiko cha chakula kimoja na nusu, na jibini gramu 180.

"Nyama ya kusaga lazima ioshwe kwanza"

Hii ndiyo inayoharibu chakula kuliko zote, na ndiyo ngumu kuitoa kichwani mwa mtu. Kipande kizima cha nyama ukikisuuza, maji hubaki juu na unaweza kuyafuta. Nyama iliyosagwa haifutiki. Inayanywa maji kama sifongo. Ukiitupa kikaangoni, kwanza kikaango kinapoa, kisha maji yanatoka, na nyama inaanza kuchemka badala ya kukaangika. Maji hayapiti nyuzi 100 hivi yakichemka, ilhali ile rangi ya kahawia na harufu ya nyama choma huanza kujitokeza uso wa nyama unapokaribia nyuzi 140. Basi kadiri maji yalivyopo, nyama itabaki ya kijivu, hata ukichochea mkaa mpaka jirani ashangae.

Na usafi? Kusuuza hakuondoi vijidudu, kunavirusha kwenye sinki, kwenye ubao na kwenye sahani zilizo karibu. Kinachoviua ni moto. Nyama ya kusaga inatakiwa ifike nyuzi 71 kote, kwa sababu mashine imeshachanganya kilichokuwa juu ya kipande na kilichokuwa ndani. Majimaji mekundu yanayowatisha watu si damu, ni maji ya misuli yenye rangi iitwayo myoglobini. Damu nyingi ilishatoka machinjioni.

Mwenye wasiwasi wa kweli aumalizie buchani. Chagua kipande ukiwa pale, iwe ni mtaa wa Ng'ambo au Isevya hapa Tabora, kisha kisagwe ukiangalia, na mashine iwe imesafishwa. Ikishasagwa nenda nayo nyumbani moja kwa moja. Nje ya friji isizidi saa mbili, na kwa mchana wa Oktoba wa Tabora, joto likipita nyuzi 32, saa moja tu.

"Nyama nzuri ni isiyo na mafuta hata chembe"

Kwa mchuzi, sawa. Kwa kujaza chapati, hapana. Ng'ombe wa asili wa Unyamwezini anatembea mbali kutafuta malisho na maji, kwa hiyo nyama yake ina ladha, ila ni ngumu na haina mafuta mengi. Ukisaga paja tupu utapata chembechembe kavu kama mchanga. Mwambie muuzaji asage gramu 400 za paja au mkono pamoja na gramu 100 za nundu. Nundu ina mafuta ya kutosha kukaangia nyama yenyewe, na hutahitaji kuongeza hata tone.

Papai bichi, linalosifiwa kwa kulainisha mishikaki, liache huko huko kwenye mishikaki. Kimeng'enya chake hukata nyuzi za nyama, na nyama ya kusaga mashine imeshazikata. Ukiongeza papai unapata uji, na uji unatoa maji.

"Itupe nyama yote kwa pamoja, itaiva haraka"

Nusu kilo kwenye kikaango cha kawaida cha sentimita 26 ni tabaka nene. Mvuke wa chini unashindwa kutoka. Gawa mara mbili. Pasha kikaango kikavu mpaka tone la maji likidondoka lirukeruke, tandaza nusu ya kwanza, ikandamize, kisha usiiguse kwa dakika mbili. Kukorogakoroga mapema ndiko kunakotoa maji. Ikishika rangi chini, igeuze, ivunjevunje, itoe. Rudia kwa nusu ya pili. Baadaye kaanga kitunguu na hoho kwenye mafuta yaliyobaki kwa dakika nne, tia saumu na viungo kwa nusu dakika, nyanya ya kopo kwa dakika moja, rudisha nyama, tia chumvi.

Nyanya ya kopo hapa si uvivu. Nyanya mbichi mbili tu zinaleta maji ambayo utatumia dakika kumi kuyakausha. Nyama iko tayari pale ukipitisha mwiko katikati ya kikaango na njia yake ikabaki kavu ukihesabu mpaka tatu. Njia ikijaa rojo, endelea.

Kisha itandaze kwenye sinia, ipumue dakika kumi. Nyama inayofuka moshi ikifungwa ndani ya chapati, mvuke wake hauna pa kwenda isipokuwa kwenye unga.

"Jibini ni jibini, yote inayeyuka"

Haiyeyuki yote. Jibini iliyogandishwa kwa kimeng'enya cha renneti, kama mozarela, chedari au gauda, hulainika na kutiririka ikipata joto. Ile inayotengenezwa nyumbani kwa kuchemsha maziwa na kukamulia ndimu au siki ni kitu kingine: asidi imeyashika maziwa kwa namna ambayo moto hauwezi kuyalegeza tena. Utaikaanga mpaka iwe kahawia na bado itabaki vipande. Maziwa Tabora hayakosekani, kwa hiyo jaribu hili hufanywa sana kwa nia njema ya kubana matumizi. Si upotevu. Ichanganye ndani ya nyama kama kiungo, ila gundi itafutwe kwingine.

Nayo mozarela ina aina mbili. Ile laini inayouzwa ikielea majini ni tamu, lakini humu italowesha kila kitu. Chukua ya kipande kigumu kiasi. Jibini ya vipande vyembamba vya kufungwa kwenye plastiki, ambayo wapishi wenye maringo huibeza, inayeyuka vizuri kuliko nyingi kwa sababu imetiwa chumvi maalumu za kushikanisha maji na mafuta. Ladha yake ni hafifu, hilo ni kweli. Iliyokunwa tayari kiwandani hupakwa wanga ili isishikamane, nao wanga huo unaifanya iyeyuke kwa kusitasita. Ukipata kipande kizima, kikune mwenyewe kikiwa baridi kutoka kwenye friji.

Nyingi ijazwe? Gramu 30 kwa chapati, basi. Nusu yake chini ya nyama, nusu juu. Ikiyeyuka inashika chapati pande zote mbili, na mafuta yake yanazuia unyevu wa nyama usifike haraka kwenye unga. Wanaoiweka yote juu wanashangaa upande wa chini ukiachia.

"Bila tortila za dukani haiwezekani"

Tortila ya ngano, chapati nyembamba ya kaskazini mwa Meksiko, ni unga, mafuta, chumvi na maji. Hakuna siri iliyofichwa. Tatizo la chapati yetu ya kusukuma ni matabaka: ile kupaka mafuta, kukunja kama konokono na kusukuma tena huipa unene na majani yanayoachana, nayo ukiikunja hupasuka kwenye pindo na jibini ikatorokea hapo.

Chukua unga wa ngano gramu 300, chumvi kijiko cha chai kimoja, mafuta vijiko vya chakula vitatu. Changanya mpaka unga uwe kama mchanga mbichi, kisha tia maji ya moto kidogo kidogo, kama mililita 160, ukianza kwa mwiko na kumalizia kwa mkono. Maji ya moto hulainisha unga na kuuzuia usivutike na kurudi. Kanda dakika tano, gawa madonge sita, funika, acha dakika 20. Huo ndio muda wa kukaanga nyama. Sukuma mpaka upana wa sentimita 25, nyembamba kiasi cha kuona kivuli cha vidole. Usipake mafuta, usikunje konokono. Babua kwenye kikaango kikavu sekunde 40 kila upande: itoe vidoti, isikauke. Zipange ndani ya kitambaa safi. Hapa kufunika ni halali, kwa sababu unataka zibaki laini ziweze kukunjika.

Siku ambayo hakuna nguvu ya kusukuma, chapati za mama wa pale kona zitafaa kwa sharti moja. Zipashe moto sekunde 20 kila upande ndipo ukunje, na ukunje mara moja tu, nusu kwa nusu kama mwezi. Chapati iliyopoa haikubali kona nne.

Kwa ile nyembamba, kunja kama bahasha. Jibini katikati, nyama vijiko vitatu vya chakula vilivyojaa, jibini tena, ukiacha ukingo wa sentimita sita au saba pande zote. Leta kulia na kushoto, kisha chini, kisha juu, halafu ibonyeze kwa kiganja iwe bapa, unene usiozidi sentimita mbili. Watu hupenda kuiviringisha kama mkeka kwa sababu inapendeza kwenye picha. Mkeka unagusa kikaango kwa mstari mmoja tu, na katikati yake jibini inabaki baridi.

"Mafuta mengi ndiyo yanayokausha"

Kijiko kimoja cha chai kwa kila upande kinatosha, na kazi yake ni kujaza nafasi kati ya chapati na chuma ili joto lifike sawasawa. Mafuta mengi kwenye moto hafifu hunywewa na unga. Siagi ina maji kama asilimia 16, na vijichembe vya maziwa ndani yake vinaungua kabla ganda halijakauka. Samli haina shida hizo mbili. Hapo mtu wa Tabora mwenye chupa ya samli ya nyumbani amemzidi mwenye friji iliyojaa siagi.

Moto uwe wa kati. Kwenye jiko la mkaa, subiri makaa yavae jivu jeupe, yatandaze, funga mlango wa chini nusu. Anza na upande wenye pindo ukiangalia chini, weka juu kifuniko kizito au sufuria ndogo yenye maji, dakika tatu, geuza, dakika mbili au tatu. Sikiliza: mlio wa kuchacharika unaoendelea bila kukatika ni unyevu unaotoka. Ukimya maana yake kikaango kimepoa. Moshi maana yake moto umezidi, nje itaungua na jibini ndani itakuwa bado haijayeyuka. Kifuniko hicho kikandamize tu, kisifunike kikaango kizima, la sivyo utakuwa unapika kwa mvuke badala ya kukausha.

"Ziweke kwenye hotpoti zisipoe"

Hotpoti imeokoa chapati nyingi nchini, lakini hapa inaua. Ganda kavu lililofungiwa na joto lake hupewa mvuke na nyama iliyo ndani, mvuke unagonga kifuniko, unadondoka, na baada ya dakika tano kazi yote ya kikaango imerudi kuwa chapati laini. Sahani bapa nayo hulowesha upande wa chini. Zisimamishe kwa ubavu kwenye ukingo wa sinia, au juu ya wavu, hewa ipite pande zote. Ziache hivyo dakika mbili kabla ya kukata, ili jibini itulie isimwagike.

Kachumbari isiingie ndani. Chumvi huvuta maji kwenye nyanya, na ukiisha kuikaanga pamoja umepata mchuzi. Iwe pembeni, au msimu wa maembe ukikaribia, kata embe bichi vipande vyembamba, tia chumvi na pilipili. Ukali wake unakata mafuta ya nundu kuliko nyanya. Maziwa mgando yaliyochujwa kwenye kitambaa kwa saa moja yanakuwa mazito kiasi cha kuchovya. Masika ukiwepo uyoga wa porini kutoka kwa muuzaji anayeaminika, nusu ya nyama inaweza kupisha, ila uyoga ni maji kama asilimia 90: ukaange peke yake kwanza, bila mafuta, mpaka uache kulia.

Anayechelewa kurudi, bahasha yake iachwe imekunjwa bila kukaangwa, kwenye friji, pindo likiwa chini. Akifika, dakika nne kila upande kwenye moto mdogo kidogo, kwa kuwa inatoka baridi. Ile iliyokwisha kukaangwa irudishwe kwenye kikaango kikavu, kamwe si kwenye maikrowevu.