Uongo tunaoambizana kuhusu TV na digitali

Bongo tulianza kuzima analojia, yaani ule mfumo wa zamani wa kurusha matangazo ya TV, ili tuhamie digitali, usiku wa 31 Desemba 2012, Dar ndo ikatangulia, 2013 wakafuata Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Moshi mpaka Mbeya. Lakini hadi leo mtu akitoa TV yake stoo au akihamia nyumba mpya anaambiwa maneno yaleyale ya kipindi kile, na inaniuma sana kuona watu wanauza TV nzima kwa bei ya skrepa.

"TV ya kichogo haifai tena." Si kweli. Kilichozimwa ni mtambo wa kurushia matangazo ya analojia, TV yako haijaguswa. King'amuzi ndo kinapokea mawimbi ya digitali halafu kinaipa TV picha na sauti inazozielewa. Angalia nyuma au ubavuni, utaona matundu ya rangi, njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti, chomeka waya wa king'amuzi rangi kwa rangi. TV yenye spika moja mara nyingi ina njano na nyeupe tu, basi ule waya mwekundu uache unaning'inia, hauna shida. Bonyeza rimoti mpaka iandike AV, umemaliza.

"Mimi nina flat, tayari niko digitali." Hili ndo linaumiza wengi. Ubapa ni umbo tu jamani, na hata ile HD iliyobandikwa kwenye fremu inahusu ubora wa kioo, haihusu kupokea matangazo. Flat nyingi hasa za mtumba zina tyuna (kile kifaa cha ndani cha kunasa chaneli) ya analojia peke yake, nyingine zimetoka Ulaya na DVB-T, aina ya kwanza ya digitali ya antena, wakati ya sasa ni DVB-T2, kwa hiyo unaskani inafika asilimia mia haijaleta chaneli hata moja, unaambiwa TV mbovu kumbe nzima kabisa. Kabla hujatoa hela dukani mwambie muuzaji aingie kwenye menyu ya kutafuta chaneli uone kama kuna DTV, yaani TV ya digitali, soma kibandiko cha nyuma kama kimeandikwa DVB-T2, na bora zaidi achomeke antena askani ukiwa umesimama hapo. Ikikosa bado usiitupe, ichomekee king'amuzi.

"Usipolipia kifurushi huoni kitu." Utaratibu tulioanza nao ulikuwa chaneli za kitaifa kama TBC1, ITV, Star TV, EATV na Channel Ten zibaki wazi hata kifurushi kikiisha. Ila hapa uliza vizuri, king'amuzi cha antena na cha dishi leseni zake hazifanani, na 2018 tuliona chaneli za bure zikiondolewa kwenye baadhi ya ving'amuzi vya dishi. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja tu: hela ikiisha nabaki na chaneli zipi?

Kuna na hii ya "antena ya digitali", inauzwa ghali kuliko ya kawaida. Antena inanasa mawimbi tu, haijui analojia wala digitali. Kama ya zamani ni ya UHF, ile yenye vijiti vifupi vifupi, na waya wake haujaoza, jaribu hiyo kwanza.

Wengine walidhani digitali haisumbui kabisa. Zile chenga zimeisha kweli, lakini mawimbi yakiwa hafifu picha inaganda, inakatika vipande vipande, halafu inapotea yote. Enzi za analojia ungeangalia mpira hivyohivyo na chenga zake, sasa hivi unapata picha safi au hupati kabisa. Kwa hiyo ikianza kuganda usikimbilie kulaumu king'amuzi, panda ugeuze antena kuelekea mnara huku mtu wa chini anaangalia ile mistari ya nguvu ya mawimbi kwenye skrini.

Na wanaosema kuzima analojia ni njama ya wauza ving'amuzi, makubaliano yalifanyika Geneva 2006, mwisho ukawekwa 17 Juni 2015, nchi za Afrika zikiwemo. Sababu kubwa ni nafasi: masafa yaliyobeba stesheni moja ya analojia yanabeba zaidi ya kumi za digitali, na yanayobaki yanapewa simu, ndo sehemu ya 4G tunayotumia.

Na kuangalia digitali kwa king'amuzi intaneti haihitajiki. Ila nyumba yenye TV mbili ijue mapema, king'amuzi kimoja cha kawaida kinaonyesha chaneli moja kwa wakati, ukivuta waya mpaka chumbani wote mtaangalia kitu kilekile, kwa hiyo kama baba anataka taarifa ya habari na watoto wanataka katuni itabidi mnunue cha pili.